Viti Mbele ya Geti la Bi Margaret

Nje ya London,
Novemba 2018

Dada yangu Furaha,

Nakusalimu nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, ujue tu mdogo wako amefikia wapi. Mgongo wako unaendeleaje? Na saluni, wateja wa Desemba wameanza kujipanga, au bado wanakuja kupiga soga na kuangalia mitindo ukutani? Na Mama je, anakula vizuri? Goti linamruhusu kupanda ngazi, au ile lifti ya jengo lenu imefufuka?

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Wewe simu ukiipokea saluni lazima uiweke spika, mikono yako iko kwenye kichwa cha mtu, na siku Mama akija kukaa pale dirishani anasikia mpaka ninavyopumua. Leo nina maneno yako peke yako. Barua hii anakuletea mtu anayefanya kazi na mume wangu Otieno, anarudi ofisi yao ya Sandton, hapo mjini kwenu. Isome ukiwa umefunga mlango.

Umeniuliza mara nyingi Mama aje lini kuishi nasi. Viza ya kuanzia ameshapata, mimi ndiye ninayevuta miguu. Najua kwa nini unanisukuma. Tangu maduka ya wageni kama sisi yalipovunjwa mitaa ya jirani mnalala jicho moja wazi, na wewe unashinda kazini ukimwaza yeye juu kule ghorofani. Na yeye mwenyewe wiki iliyopita kaniambia, “Riziki, ule muji ni muzuri sana, kama mapicha ya kalenda. Miye nataka kuya. Utanipokea ao hapana?” Nikajifanya mtandao umekatika. Baadaye nililia jikoni.

Picha hazisemi uongo, Dada. Mji ni mzuri kweli. Nyumba zimeegemeana, boriti nyeusi zimepita katikati ya kuta nyeupe, na ni za zamani kiasi kwamba ukutani kuna vibao vya kueleza nani alizaliwa humo. Kwa kuwa ni za zamani, sheria hairuhusu kubadilisha hata dirisha. Kwa hiyo upepo wa enzi za wafalme wao bado unaingia chumbani kwangu kila usiku bila hodi. Kanisa liko katikati na makaburi yake, mawe yamelala upande na majina yamefutika, na watu wanakatiza hapo na mbwa wao kama uwanjani.

Lakini mji huu unaishi kwa treni. Otieno anatoka kungali giza, anarudi giza. Nilimsindikiza siku moja nikaona umati uliosimama stesheni, kila mtu na mahali pake, hakuna anayemsalimu mwenzake. Treni ikija inawameza wote, mji unabaki mtupu. Wanabaki wazee, akina mama wenye vigari vya watoto, na mimi. Unakumbuka kule mtaa wa Bertrams, ile nyumba kuukuu tuliyokaa familia nne, tukigombania kamba ya kuanikia nguo? Nilikuwa naomba Mungu anipe nyumba yenye kimya. Amenipa, na sasa kimya kinanila.

Mtu mmoja tu ndiye alikuwa ananisalimu: Mzee Ken, jirani wa mkono wa kushoto. Kila asubuhi alikuwa anapunguza matawi ya waridi lake, ananiita kwenye ua wa nyuma, ananiambia mvua itanyesha. Ilikuwa inanyesha kila mara, kwa hiyo hakukosea hata siku moja. Mkewe, Bi Margaret, alikuwa anatupungia mkono kutoka dirishani. Siku mbili hivi sikumwona yule mzee, halafu Jumatatu nikaona gari refu jeusi limesimama, wanaume wawili wa suti wakamtoa amefunikwa mpaka usoni.

Sasa wewe unajua sisi tumelelewa vipi. Sikufikiri hata kidogo. Nilijifunga kitenge kiunoni, nikapika mandazi, nikajaza chai kwenye chupa. Halafu nikabeba viti vyangu vya jikoni, vyote vinne, kimoja kimoja, nikavipanga mbele ya geti la Bi Margaret, maana kutoka mlangoni hadi getini ni hatua mbili tu, hakuna uwanja. Msibani viti hutangulia, majirani watakalia nini wakija? Nikakaa kwenye cha mwisho, kichwa nimekifunika, nikangoja akina mama wa mtaa.

Dada, hakuja mtu.

Manyunyu yalianza, nikafunika mandazi kwa sinia. Alikuja mtoto wao wa kiume kutoka London, kavaa vizuri, kaniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nikamwambia pole kwa msiba, nimekuja kukaa na mama. Akanishukuru, akasema mama anapumzika, na mazishi ni baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Nilidhani sikumwelewa vizuri. Akaingia, akatoka na bahasha mkononi, akaondoka na gari. Nami nikabaki nimekaa, kwa sababu nitainukaje na kuacha nyumba ya msiba bila mtu?

Jioni treni zikaanza kuwarudisha. Wakapita mbele yangu na mikoba yao, wanakanyaga majani yaliyoloa, wengine wakashuka kutoka njia ya waenda kwa miguu hadi barabarani ili wasivigonge viti. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Ila bwana mmoja alisimama, akakigeuza kiti kimoja, akakikagua miguu, akaniuliza viti nauza bei gani.

Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka. Nikataka kumjibu kwa lugha yetu ya mtaani Yeoville, unaijua ninayoisema. Lakini kabla sijafungua mdomo mlango ulio nyuma yangu ulifunguka. Bi Margaret alitoka na ndara za ndani, sweta ya marehemu mumewe imemfika magotini. Akamwambia yule bwana, “Haviuzwi. Ni vya mume wangu.” Kisha akafuta kimoja kwa mkono wa sweta, akakaa pembeni yangu.

Nilimmiminia chai, akanywa, akashika andazi tu bila kulila. Baadaye akaniuliza, kwenu watu hukaa mpaka lini. Nikamwambia mpaka mwenye nyumba aseme basi. Akatazama ile barabara, wale watu wanapita kuelekea kwao, akasema ameishi hapa tangu alipoolewa na wengi wao hajui majina yao. Halafu akalia, nikamshika mgongo, na mimi nikalia, sijui kama namlilia Mzee Ken au najililia mwenyewe.

Otieno naye akafika na treni yake. Alitukuta hapo, akavua kofia, akatoa pole vizuri kama mtoto wa watu. Lakini tulipofika nyumbani akaangalia jikoni, “Aki Riziki, viti zote umezipeleka? Sasa nitakula nikisimama?” Nikamwambia atakula hivyo hivyo. Alikula kasimama, akaosha sahani mwenyewe. Naye ana mama yake Kisumu.

Vitatu nimevirudisha. Cha nne Bi Margaret ameomba kikae kwake, na kila nikipita namwona amekiweka dirishani kikitazama barabara, kitupu. Naona kama anangoja mtu wa kukikalia; huenda nakosea, labda anapenda tu kukiona.

Basi jibu langu ni hili: usimlete Mama. Najua unachoka, najua unaogopa, na ninaogopa pamoja na wewe. Lakini hapo ulipo, akikohoa tu vibaya, mama wa chumba cha pili anabisha hodi. Siku Mungu atakapomchukua, viti vitashuka ngazi zote za lile jengo kabla hujamaliza kunipigia simu. Hapa atakaa na nani? Mimi, Otieno kama treni haikuchelewa, na Bi Margaret kama miguu itamruhusu. Kwenye mkutano wa Januari Otieno ataomba wamrudishe Sandton. Wakikataa nitakuja peke yangu, tupokezane kumtunza Mama.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie kwenye ulinzi wa usiku asivae koti jepesi. Mjomba Baraka fundi cherehani mpe pole ya macho. Mabinti zako uwabusu, hata kama watakujibu kwa Kizulu. Mama mchungaji mwambie aendelee kutuombea.

Mama mwambie lolote: nyumba ni ndogo, ngazi ni mbaya kwa goti, baridi itamuua. Ila habari ya viti usimgusie kabisa. Akisikia kuna mjane huku amekaa peke yake, atafunga kitenge siku hiyo hiyo na kusema anakuja kukaa naye, na mimi sitakuwa na uso wa kumkatalia.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka hata unaponuna,
Riziki