Upande Mmoja Haujasukwa

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mafunzo ya uuguzi wodini, El Alto. Baridi, jamani! Na nimeshajiaibisha. Nimembana mama mmoja kidole kwa mashine ya kupimia oksijeni ya damu, ikasoma asilimia themanini na saba. Kwetu Santa Cruz, bondeni, hapo mtu anakimbizwa chumba cha mahututi. Nikapiga kelele, dokta Arancibia akaja mbio. Mgonjwa mwenyewe anakunywa supu! Kumbe huku juu milimani ni kawaida. Wodi nzima imecheka, isipokuwa Sista Benigna, mkuu wa zamu. Kaniuliza tu: "Ulimtazama mtu, au kidole?"

Jumatano, 5 Juni

Sista kaitia mashine mfukoni mwake. Kila kitanda nasimama kwanza miguuni pa mgonjwa, namwambia nitakuta namba gani na kwa nini. Ndipo anaitoa. Nakosea, nakosea tena. Hagombi. "Na nini kingine?" Basi. Yeye mtu akigeuka tu kitandani, ameshajua. Nampenda hadi namwogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Bibi wa kitanda cha dirishani, Doña Eulalia, muuza viazi, katolewa mfuko wa nyongo Ijumaa. Haguswi na mtu kabla hajasuka nywele zake, misuko miwili, na kuifunga kwa nyuzi nyeusi za sufu. Leo kaniuliza: "We mtoto wa joto, bado hujaganda tu?" Nikabahatisha themanini na nane. Mashine — themanini na nane! Sista kanikonyeza. Nimetembea nikichekacheka peke yangu mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Doña Eulalia kasuka upande mmoja. Wa pili unaning'inia, kitana kipo mapajani. Hakunitania. Themanini na saba. Homa hana, presha nzuri. Lakini moyo wangu ukakataa, nikampigia dokta Arancibia. Akacheka — binti, si ulishaambiwa huku ni kawaida? Akakata. Nilitamani ardhi inimeze.

Sista karudi. Kasimama miguuni, kakitazama kitana kwa muda. Akauliza naogopa nini.

"Hajaacha kusuka kwa uvivu, Sista. Kaishiwa pumzi katikati."

"Na nini kingine?"

Nikaweka mkono kifuani pake. Pumzi za haraka, fupi fupi. Nikafunua blanketi. Mguu mmoja umevimba, wa moto. Mungu wangu — damu iliyoganda mguuni, imepanda mapafuni!

Nikadhani Sista atapiga simu mwenyewe. Akanipa mimi. "Mwambie ulichoona, vivyo hivyo." Nikasema yote: kitana, pumzi, mguu. Safari hii dokta hakucheka. Kaja mbio, kamba za viatu zikiburuzika.

Wamefunga pazia. Naandika hapa koridoni. Nyuzi za sufu za upande wa pili ninazo mfukoni, nimemwahidi nitamsuka mwenyewe. Sista kaniletea chai ya majani ya koka, wanayokunywa huku milimani. Kauliza kama kawaida yake: pazia likifunguliwa, nitakuta nini?

Nimekataa kubahatisha. Akanishika mkono. Na yeye, safari hii, hajui —