Mraba Chini ya Dirisha

Ha Mokhethi, 9 Oktoba

Mwanangu Lineo,

Amani iwe kwako. Hujambo huko Cape Town? Kazi inakwendaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo. Ng'ombe wazima, mtama umeota, ni bega langu tu linaloleta ubishi. Jirani yetu Puseletso anakusalimu, amejifungua mvulana mwingine na kelele za pale kwao tunazisikia mpaka huku.

Nakuandikia kutoka mlimani nyuma ya kanisa, maana kule chini simu haishiki mtandao, unajua mwenyewe. Zile picha ulizotuma hazijafunguka. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka kizunguzungu kikanishika mimi. Nilijifunika blanketi nikangoja hadi upepo ukanifukuza. Nilitaka kuiona sura yako tu. Umenenepa? Umekonda? Krismasi nne hujaja, na sauti ya simuni haina mashavu.

Udongo mwekundu nimeshauchimba. Mwaka huu utakuja tukandike nyumba na kuchora kuta kwa vidole pamoja?

Mama yako.


Cape Town, 15 Oktoba

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu zote na pole ya bega. Kikohozi kimeisha. Usikae na upepo kule mlimani, nakuomba.

Picha hazikufunguka kwa sababu ni nzito. Picha ya kamera ni vidoti vya rangi, maelfu kwa maelfu, na simu yako lazima ivipokee vyote. Ukiikuza sana, vidoti vinaachana na sura inakuwa ukungu. Kwa hiyo leo nakutumia kitu kingine, kinaitwa mchoro wa vekta, ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa. Huu hauna vidoti. Ni maagizo tu: anzia hapa, piga mstari mpaka pale, pinda, jaza rangi nyekundu. Simu inasoma maagizo na kuchora yenyewe. Ni mwepesi mno, na ukiukuza hata ulingane na mlima, haufifii.

Nimekutumia miwili. Mmoja ni sura yangu. Mwingine ni ukuta wa nyumba yetu, nimeuchora kutoka kwenye picha aliyopiga Puseletso Krismasi iliyopita. Kuna hoteli ya Maseru tunayoitengenezea tovuti, nikamwambia bosi kwamba hakuna michoro ya kuzidi ya mama yangu. Utaniruhusu niitumie? Tovuti inafunguliwa tarehe 18 Desemba. Kuhusu Krismasi, Mama, bosi bado hajasema kitu.

Mwanao.


Ha Mokhethi, 21 Oktoba

Lineo wangu,

Amani. Sisi wazima, na wewe je?

Imefunguka! Sikumaliza hata kukaa vizuri juu ya jiwe, yote miwili hiyo hapo. Nilipiga kigelegele peke yangu, mchunga kondoo mmoja akadhani nimechanganyikiwa.

Lakini huyu dada uliyenitumia ni nani? Anatangaza sabuni? Nywele ni zako, hereni ni zako, sura siijui. Kovu la kidevuni liko wapi? Na hilo shavu limepakwa rangi moja kama bati la kanisa. Mimi nilikuzaa na mashavu yenye vivuli.

Ukuta ni mzuri, sikatai. Kuutumia, utumie. Kugeuza mraba mmoja juu, chini, kulia, kushoto mpaka ukuta ujae, hayo nilikufundisha mimi kabla hiyo kompyuta yako haijazaliwa. Ila sijapenda kitu kimoja. Pale chini ya dirisha umefanya nini?

Mama.


Cape Town, 24 Oktoba

Mama,

Salamu tele. Umenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakageuka.

Umegusa penye udhaifu wenyewe. Vekta inapenda kona na rangi moja moja, ndiyo maana inapatana na kuta zetu. Sura ya mtu inaishinda. Niliiambia kompyuta ifuate kila kivuli cha shavu langu, ikapiga mistari elfu na elfu, mchoro ukawa mzito kuliko ile picha ya kamera uliyoshindwa kuifungua. Kwa mashavu itabidi ushuke mjini penye mtandao mzuri.

Chini ya dirisha mraba mmoja ulikuwa umekosewa, mstari umekwenda upogo. Nilidhani mkono wako uliteleza kwa ajili ya bega, nikaunyoosha ufanane na wenzake. Hata hivyo mimi nachora mraba mmoja tu, iliyobaki ni kompyuta inaurudia. Ndiyo maana mchoro ni mwepesi.

Mwanao.


Cape Town, 12 Novemba

Mama, mbona kimya? Ni bega? Nimempigia Puseletso, anasema u mzima ila hupandi tena mlimani. Nimekukosea nini?

Mwanao.


Ha Mokhethi, 20 Novemba

Mwanangu,

Amani kwako. Mimi mzima. Nisamehe kwa kimya, sikuwa nimenuna. Au nilinuna kidogo.

Mkono wangu haukuteleza. Ule mraba ni wako. Ulikuwa mdogo, ukalilia udongo siku nzima, nikakupa pale chini ya dirisha kwa sababu ndipo ulipofika. Ukaanza kwenye kona vizuri kabisa, halafu katikati mstari ukazubaa, ukazunguka kama kuku aliyesahau alikokuwa akienda, ukakosa kona ya pili. Nikataka kuusawazisha. Ukanipiga mkono, ukasema, "Acha, huo ni wangu!" Kila mwaka mvua iliufuta na kila mwaka uliuchora vilevile, kwa ubishi.

Ulipokua ukauacha na kuusahau, nami ulipoondoka nikauchukua. Naukosea kwa makusudi, Lineo. Nasikia wanawake wa hapa wakisema Mama Lineo anazeeka, macho hayaoni tena. Nawaacha waseme. Watu wanaporudi Krismasi kutoka migodini na mijini, mimi nakaa na kale kamstari kako.

Mwaka huu bega halinyanyuki. Puseletso amejitolea anikandikie, mikono yake ni mizuri. Nimekataa. Atauchora sawasawa.

Mama yako anayekukumbuka kuliko anavyosema.


Cape Town, 22 Novemba

Mama yangu,

Nimelia chooni ofisini, nikanawa uso, nikarudi kwenye mchoro.

Nimeufuta ule mraba ulionyooka. Nimechukua picha ya Puseletso nikaufuata mstari wako, pointi baada ya pointi, mpaka pale kuku anaposahau njia. Huo hauwezi kurudiwa na kompyuta, unasimama peke yake, kwa hiyo tovuti imekuwa nzito kidogo. Bosi ameuliza kile ni kitu gani. Nimemwambia ndicho kilichonifanya niwe mchoraji.

Na nimeomba likizo. Nimepewa! Nafika tarehe 23 Desemba. Usikandike kabla sijaja. Ule mraba nitauchora mwenyewe, kwa kidole changu.

Mwanao anayekuja.


Cape Town, 5 Januari

Mama,

Nimefika salama, likhobe, zile nafaka za kuchemsha ulizonifungia, niliwagawia abiria wenzangu, wakazisifu. Chini ya kucha zangu bado kuna wekundu na sitaki kuutoa. Sijalala vizuri namna ile tangu niondoke nyumbani.

Ila nijibu jambo moja. Siku tulipomaliza ukuta, ulisimama nyuma yangu na ndoo, hukusema neno juu ya ule mraba, ulisema tu twende tukale. Nimeliwaza njia nzima. Kwa nini?

Mwanao.


Ha Mokhethi, 11 Februari

Lineo wangu,

Amani kwako, mwanangu. Mtama umejaa, mtoto wa Puseletso ameanza kukaa. Swali lako nimelibeba mwezi mzima.

Nilikuwa nakutazama kidole. Kilianza kwenye kona, nikasema moyoni, sasa hivi kinapotea. Hakikupotea. Kilikwenda kikafika kilikotakiwa kufika. Ukafuta, ukajaribu kuupinda mstari, na nikaona unafikiri. Ukafuta tena. Mkono wako umeshajua, mwanangu, hauwezi tena kukosea. Ningefungua mdomo ningelia, na ulikuwa umekuja, sikutaka kulia ukiwepo. Ndiyo maana nilisema twende tukale.

Mvua sasa inaula ukuta. Sikuweka hata gunia la kuukinga.

Leo nimepanda mlimani nikafungua ile tovuti ya hoteli. Imechelewa kidogo, nimengoja. Nikaukuza mraba wako kwa vidole viwili mpaka ukajaa kioo chote. Haukufifia. Kona ipo, kuzubaa kupo, na pale unapokosa kona ya pili papo, safi kabisa.

Mwaka huu Puseletso atakandika kule juu, nimemruhusu. Chini ya dirisha nafika nikiwa nimekaa, bega halinizuii. Mraba wako nimeuhifadhi simuni, maana kule chini mtandao haufiki; nitaisimamisha simu kwenye ndoo, nichore kutoka humo. Wewe njoo Krismasi, ukae hapo kizingitini na mahindi yako ya kuchoma. Ukuta niachie mimi.

Mama yako.