Masanduku Nisiyoyaona

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu tele za kaka yako. Magoti yanaendeleaje, na ule usingizi uliokuwa unakukimbia umerudi? Mimi mzima. Meno ndiyo yanapungua, lakini sauti ni ile ile. Juzi nilikohoa tu, mbwa wa jirani akaingia uvunguni. Fundi viatu alitaka kuniandikia barua hii nikamkatalia. Mwandiko ni wangu, kwa hiyo usihesabu makosa, na tafadhali soma ukiwa umeketi.

Barua yako nimeipata. Umesema huna mtoto tena, kwamba mwanao ameuza nchi, na hutakanyaga mahabusu kumtazama. Nimeisoma na kuirudia, mimi ambaye kusoma kwenyewe ni kwa kidole.

Uko mbali, nikueleze ilivyokuwa. Uchaguzi huu ni wa pili tu tangu wenye magwanda watuachie nchi. Nchi rafiki zikatuletea masanduku ya kura, na mafundi, na walimu wa kuwafunza makarani wetu kuhesabu bila kugombana. Masanduku yakawekwa kwenye ghala nyuma ya posta. Ufunguo wakapewa watu wawili: fundi mmoja mgeni, mama mpole anayekunywa chai bila sukari, na mwanao. Mtaa mzima nikautangazia kwamba mpwa wangu ndiye anayelinda kura za taifa. Kinyozi akasema nikizidi kujisifu nitapasuka, akaniomba nikapasukie nje ya banda lake.

Kazi yangu unaijua. Nazunguka na kipaza sauti, natangaza sabuni, misiba, mbuzi waliopotea, na hapa mjini hakuna wa kunifikia. Kila tangazo nalifunga kwa maneno yale yale: nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Sabuni hii inatoa madoa, nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Mng'oa meno yule haumizi, nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Sijaona lolote kati ya hayo. Ni muhuri wangu tu, watu wanaupenda, watoto wanaumalizia kabla yangu.

Siku chache kabla ya kura akaja bwana mmoja, viatu havina hata vumbi. Akasema sifa za sauti yangu zimefika hadi kwao. Wewe ungemwuliza kwao ni wapi, mimi nilitabasamu. Akanipa kipaza sauti kipya, kisha akanisomea tangazo mpaka likanikaa kichwani: masanduku ya wageni yamekuja yakiwa na kura ndani tayari. Nikamwuliza kama ni kweli. Naye akaniuliza kama sabuni huwa naifulia kwanza ndipo niitangaze. Tukacheka.

Nikatangaza. Nilipofika mwisho ulimi ukashika njia yake: nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Watu walikwenda na mawe na mafuta ya taa. Nusu ya masanduku yakaungua, yule mama fundi akapasuliwa paji la uso, nchi rafiki zikawaita watu wao nyumbani, kura ikaahirishwa. Mpelelezi wa polisi anayeshika kesi hii ananiambia yule bwana alitumwa na dola kubwa ya ng'ambo ya mpaka, ambayo haitaki tujichagulie viongozi wenyewe. Nchi rafiki zimesema zitarudi kutusaidia ikithibitika kwamba ghala halikufunguliwa kabla ya vurugu. Ila kama mzee ameona kwa macho yake, mpelelezi akauliza, nani alimfungulia?

Wakamkamata mwanao. Akaapa hakumfungulia mtu. Nikaitwa, tukaketishwa uso kwa uso. Akaniambia shikamoo mjomba, akatulia kabisa, kama mtu ambaye nduguye amekuja kumchukua. Na mimi nikasema niliona. Nilifikiria tu, nikikana hili, nani atanikodi tena, na yale yote niliyotangaza maishani yatakuwa nini? Mwanao aliinamisha kichwa. Hakunitukana.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Sikuona kitu. Ghala lile sijalikaribia hata kwa kupita. Mwanao hajauza nchi. Aliyeiuza ni mjomba wake, kaka yako huyu, aliyefunzwa na wazazi wale wale waliokufunza wewe.

Jana nilikwenda kwa mpelelezi nikayasema yote. Amenitaka nirudi kesho, nije na nguo za kubadilisha. Leo nimezunguka mitaa yote nikitangaza kwamba sikuona. Nikazomewa. Kinyozi amenifungia mlango, anasema wageni wamenihonga. Uongo niliopewa zawadi ili niuseme waliuamini papo hapo. Ukweli nimeutoa bure, wanasema nimenunuliwa.

Sikuombi unisamehe, na ukali wako naujua. Nakuomba upande basi uende kwa mwanao. Mkumbatie, umwambie unajua hakufungua. Usimwambie umeyasikia kwangu. Akijua ni mimi niliyesema, hatakuwa na sababu ya kukuamini.

Wasalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka, kama bado wanapenda kukumbuka. Miguu uikande kwa maji ya moto.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Honi