Mto wa Mama Kwenye Ramani

Jumanne

Heri ramani hii ningeipata mama angali anatembea.

Nimeiazima kwa katekista. Ni ya zamani sana, inaonyesha mito ya juu kule Udzungwa alikozaliwa mama. Nikaitandika mkekani, nikawa namsomea majina ya mito. Anakataa tu.

"Umeiweka vibaya, wewe! Mlima uko kule," akaonyesha dirishani.

Nikaizungusha mpaka milima ya kwenye karatasi ikaelekea milima yenyewe. Akacheka. Kisha kidole chake kikafuata kijito kimoja taratibu, kikasimama penye kona.

"Hapa nilimzika kaka yako."

Huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, alifariki kabla hawajahamia huku Ifakara. Kila mwaka mama aliniomba nimpeleke akamwombee palepale kaburini, nami namjibu, tukishavuna mpunga. Tukavuna, tukavuna tena. Sasa magoti yamekataa, hata kufika mlangoni mpaka nimshike.

Nilipokuwa naikunja ramani alinishika mkono, wala hakuwa ananisuta.

"Tukishavuna basi, eeh mwanangu?"

Nikamwitikia ndiyo. Ee Bwana, unisamehe ndiyo yangu hiyo.