Siku tuliyonyoa ukingo wa ziwa

Jumatatu, mwezi wa kumi. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamesimama upande wa Kigoma, hayaji wala hayaondoki.

Salongo ya kesho, ile kazi ya pamoja ya usafi, mapanga yabaki nyumbani. Amesema hivyo leo mchana Papa Lwamba, mkuu wa huduma ya mazingira ya komini, manispaa yetu, mbele ya watu waliojaa ukumbi hadi kwenye ngazi. Akaongeza jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi: ukaguzi wa Alhamisi hausogezwi.

Kwa lile la kwanza watu walicheka. Kwa la pili hakuna aliyecheka.

Redioni, ninakofanya kazi, habari hii ilipewa nafasi fupi, kati ya bei ya unga na treni iliyochelewa. Hapa naweza kuieleza tangu mwanzo.

Jumamosi komini iliandaa siku ya mazingira ufukweni. Mpango ulikuwa mzuri na haukuwa mgumu: kuokota chupa na plastiki, kuwaonyesha watoto wa shule ndege wanaoishi kwenye matete, kisha kuongeza miche ya mianzi. Mahali palipochaguliwa ni ukanda wa kijani ulio chini ya nyumba ya Mama Feza. Komini inajivunia ukanda ule. Kila mgeni wa jimbo hupelekwa pale kupiga picha.

Mama Feza ni mjane, anaishi na wajukuu zake, na kazi yake ni samaki. Asubuhi anawangoja wavuvi wakitua, ananunua, anapasua, anatia chumvi, anatandaza kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Wafanyabiashara wa Nyunzu na Kabalo wanamjua. Ziwa lilipopanda miaka kadhaa iliyopita, lilikula mstari mzima wa nyumba za chini, na nyumba yake iliyokuwa ya pili ikawa ya kwanza. Komini ikaamuru wote waliobaki karibu na maji wahamie kiwanja kipya, juu, kwenye barabara ya kwenda Bendera.

Nimefika kwenye kiwanja hicho. Ni pakavu, pana hewa, na gari la maji linapita. Lakini mtu akitoka kule alfajiri kwa miguu, akifika ufukweni samaki wameshauzwa.

Kwa hiyo Mama Feza na majirani zake wachache waliomba ruhusa ya kujaribu. Wakapanda matete, mianzi na miti michanga kwenye ukingo ule, wao wenyewe, kwa mikono. Mvua za mwaka jana ukingo ulishika. Komini ikasema: sawa, kabla ya mvua za mwaka huu wakaguzi wa jimbo watakuja kuangalia. Wakikuta ukingo umeshika, mnabaki. Wakikuta haukushika, mnahama.

Wakaguzi hao ndio wa Alhamisi.

Sasa, kosa. Nimelifuatilia toka mtu hadi mtu na sijampata mwovu hata mmoja.

Papa Lwamba alimpa Shabani, mtangazaji wetu wa megafoni, maneno ya kutangaza: siku ya mazingira, njoo na mtoto wako, njoo na mfuko wa takataka. Shabani ametangaza kazi za Jumamosi za komini kwa miaka mingi. Alipita kwenye njia zote za kartiye, mtaa kwa mtaa, akipaza sauti kama alivyozoea: «Salongo! Salongo ya mazingira! Kila mutu na chombo chake!»

Na kwetu, mtu akisikia salongo anachukua panga. Asiyekuwa na panga anachukua jembe. Tumekua hivyo: uwanja safi ni uwanja mtupu, uliofagiwa hadi udongo unang'aa. Majani marefu ni nyoka, ni mbu, ni mwenye nyumba mvivu. Hakuna aliyetufundisha jambo hili darasani. Mama zetu walituamsha alfajiri na fagio mkononi, basi.

Wakubwa walikaa chini ya turubai, upande wa juu wa ufuko. Kulikuwa na spika mbili na ngoma. Bourgmestre, kiongozi wa komini, alizungumza, kisha akamwita Mama Feza aeleze jinsi ukanda ulivyopandwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alieleza vizuri. Alisema jinsi walivyobeba matete kutoka mto Lukuga yakiwa na udongo wake, na jinsi mwaka wa kwanza nusu yake ilivyokufa. Tulimpigia makofi.

Wakati huohuo, upande wa chini, watu wa kartiye ya juu walikuwa wamefika mapema, kama raia wema. Hawakusikia hotuba kwa sababu ya ngoma. Waliona majani marefu kando ya maji. Hapakuwa na haja ya amri.

Papa Ngoy, fundi mwashi aliyekuwa mbele ya kundi, amenieleza bila kuzunguka.

«Mama Redio, muntu akiitwa salongo anakuja na nini? Na kitambaa cha kufuta pua? Tuliona majani marefu karibu na nyumba ya mujane. Tukasema, huyu mama nyoka watamumaliza siku moja. Tukamusaidia.»

Walimsaidia mpaka mwisho.

Na kwa kuwa ni nyumba ya mjane, pale mbele ya mlango wake walifanya kazi nzuri kuliko kwingine. Kwingine walikata kwa panga. Pale walichimba kwa jembe, wakang'oa na mizizi, wakasawazisha udongo kwa mgongo wa jembe kama mtu anayetengeneza uwanja wa harusi.

Hotuba zilipokwisha, tuliteremka na watoto kwenda kuona ndege.

Nakiri jambo. Nilipouona ukingo ule umenyolewa, maji yanaonekana moja kwa moja, udongo mwekundu na laini, wazo langu la kwanza lilikuwa: pamependeza. La pili lilichelewa kidogo.

Wakataji walikuwa wanapongezana. Mmoja alimletea Mama Feza mzigo wa matete uliofungwa vizuri kwa kamba. «Mama, utaezekea jiko.»

Yeye alisema: «Aksanti, mwanangu.» Akakaa chini, na kitenge chake cha kanisani, kwenye udongo uliosawazishwa.

Hapo ndipo watu walipoanza kushusha mapanga, mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma.

Jana, Jumapili, baada ya misa, nilirudi. Nilikuta kundi lilelile la Jumamosi, na nguo za kanisani, wakichomeka matete yaliyokatwa kwenye tope, moja moja, kwa mstari. Papa Ngoy alikuwa anapima mstari kwa kamba yake ya ujenzi. Kutoka barabarani ungeapa hakuna kilichotokea.

«Mpaka Alhamisi yatakuwa bado mabichi,» aliniambia. «Wakaguzi wanakuja na gari, wanaangalia, wanaandika, wanaondoka. Weye usitangaze tu.»

«Na yakikauka Ijumaa?»

«Ijumaa wakaguzi wako Moba.»

Nilimtafuta Mama Feza. Alikuwa amesimama kwenye mlango wake, mikono kifuani, anaangalia. Ninaamini alikuwa hapo muda mrefu. Sitaandika kwamba hakushawishika, kwa sababu alishawishika. Aliniambia mwenyewe: «Nilisema moyoni, acha wafanye. Wakaguzi wapite, miye nitajua la kufanya baadaye.»

Kisha wimbi moja la kawaida, la mashua iliyopita mbali, lilifika. Matete matatu yakalala. Papa Ngoy akayainua, akayachomeka tena, kwa nguvu zaidi.

Mama Feza aliteremka.

«Papa Ngoy, toa.»

«Mama, tunakusaidia.»

«Mulinisaidia jana. Toa.»

Mtu nyuma akacheka, akajizuia. Papa Ngoy alibaki na kamba mkononi. «Mama, sisi njo tulikuharibia. Acha tutengeneze. Ukihamishwa, hata miye nitapita hapa namna gani?»

«Wakisema nibaki, nani atalala hapa mvua ikianza?» alisema Mama Feza. «Wakaguzi? Weye? Ni miye na hawa watoto. Unataka nilale nyuma ya matete yasiyo na mizizi, wimbi linakuja, miye naamini ukuta, kumbe ni mapambo?»

Hakuinua sauti. Alianza kung'oa mwenyewe, na baada ya muda mfupi wote waling'oa. Wanaume wazima, na viatu vya kanisani, wanang'oa bustani ya uongo waliyoipanda asubuhi ileile. Mzee mmoja aliuliza kama ule mzigo wa kuezekea jiko bado unahitajika.

Mama Feza alisema ndiyo, huo aachiwe.

Leo ukumbini, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, Shabani alisimama bila megafoni. Sikuwahi kuisikia sauti yake tupu, ni nyembamba. Alisema kosa ni lake, maneno aliyopewa yalikuwa mengine. Papa Lwamba alimwambia akae. Alisema yeye ndiye aliyepanga siku ya mazingira Jumamosi asubuhi, saa ileile ya salongo, na akategemea watu wasifanye wanachofanya kila Jumamosi asubuhi. Alilisema hilo kavu, kama mtu anayesoma ripoti, na nilimheshimu kwa hilo.

Kisha akaeleza yanayowezekana. Matete yaliyokatwa kwa panga yana mizizi hai na yatachipua, huenda mengine kabla ya mvua kubwa. Mbele ya nyumba ya Mama Feza hakuna mizizi. Pale panahitaji mashina mapya, yachimbwe Lukuga na udongo wake, kama alivyofanya yeye mwanzoni. Hata yakipandwa kesho na keshokutwa, wakaguzi watakuta kitu cha siku mbili. Yeye atawaambia ukweli wote, na atawaomba wachimbe waone mizizi kwingine kabla ya kuamua.

Mama Feza aliuliza swali moja tu.

«Na wakisema hapana, Papa?»

Papa Lwamba alimwangalia, kisha akamwangalia bourgmestre, aliyekuwa anaangalia meza.

«Wakisema hapana, Mama, komini itatoa kamyo ibebe vitu vyako. Kabla ya mvua. Sitakudanganya.»

«Aksanti,» alisema, sauti ileile ya Jumamosi.

Papa Ngoy akasimama akauliza kama kesho jembe linaruhusiwa. Ukumbi ukaguna. Papa Lwamba akasema jembe linaruhusiwa Lukuga, kwa kuchimba mashina, na ufukweni mtu yeyote atakayeonekana na jembe bila Mama Feza kumwonyesha pa kuchimba, atarudishwa nyumbani. «Basi tutamuomba ruhusa,» alisema Papa Ngoy, «kama mutoto anayeomba kutoka darasani.» Watu walicheka kidogo. Walihitaji.

Wenye baiskeli waliinua mikono, kwa ajili ya kubeba. Mikono ilikuwa mingi. Sijui kama inatosha.

Nimeripoti siku za mazingira nyingi katika mji huu: miti iliyopandwa kwa ajili ya kamera ikaliwa na mbuzi, mapipa ya takataka yaliyofunguliwa kwa utepe yakageuka mapipa ya kuwekea maji. Huwa narudi nyumbani nikiwa na habari na bila hisia. Safari hii ni tofauti kidogo, na nafikiri sababu ni hii: waliovunja na waliovunjiwa wanataka kitu kilekile. Hilo halifanyi mambo kuwa rahisi. Linafanya tu iwe vigumu kumkasirikia mtu.

Je, ningekuwa mkaguzi, ningesemaje? Nimejiuliza njia nzima kurudi. Ukingo mtupu mbele ya nyumba yenye watoto, na mvua inakuja. Nafikiri ningesema hapana. Na ningesema hapana nikijua ninamnyang'anya mtu kazi yake.

Sijafurahi kuandika hivyo, lakini ndivyo ninavyofikiri kabla usiku wa leo haujafika.

Jua lilipoanza kushuka nilipita kwake. Wajukuu walikuwa wanasukuma mawe makubwa kuelekea ukingoni, kwa mchezo au kwa kazi, haikujulikana. Yeye alikuwa nyuma, kwenye vichanja, anatandaza samaki aliowanunua asubuhi ya leo. Wakubwa, waliopasuliwa mgongoni, chumvi bado nyeupe juu yao. Ni mzigo mkubwa kuliko anaonunua kawaida. Nilimuuliza watakuwa wamekauka lini.

«Jua likiwa hivi, Jumamosi,» alisema, na akamgeuza mmoja upande wa pili.

Kesho jua likichomoza, watu wanakutana kwenye daraja la Lukuga. Wakaguzi wanafika Alhamisi asubuhi.