Ubao Wenye Mabega ya Kasia

Mabatini, Mwanza
3 Juni 2024

Mpwa wangu Raya,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Bibi yako anauliza kama huko Dodoma samaki wapo. Kwa kuwa kambini wamewanyang'anya simu, barua hii inakuja na basi.

Natangaza rasmi, kwa ukoo mzima na yeyote atakayehusika: leo baada ya adhuhuri nimemaliza kuchonga ubao wa raketi ya mpira wa meza. Walioalikwa kushuhudia ni majirani wawili. Mmoja aliondoka mapema.

Raketi yako ni duara, ndiyo maana mpira hauendi. Uzito umekaa karibu na ngumi. Utazuia vizuri, kupiga hupigi. Huu nimeurefusha na kuubana mabega kama bapa la kasia, uzito ukimbilie mbele. Nimejaribu mpira mmoja hapa kibandani: ukagonga bati, ukarudi, ukanipita mlangoni. Nilikaa chini, Raya. Kimti kidogo hivi!

Nimeupaka mafuta ya sangara, kama ninavyopaka makasia, usinyonye jasho. Raba ya kufunika uso wa ubao utabandika mwenyewe. Mfunge huyo Evelina uingie timu ya taifa.

Mjomba wako,
Abeid

Dodoma
9 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Mwambie bibi samaki wapo, ila hata yeye angewaonea huruma.

Ubao ulipofika wenzangu walicheka: "Wewe Raya, unacheza au unavuka ziwa?" Nikapiga mpira mmoja. Kicheko kikakatika. Evelina hakuuona, aliusikia ukutani nyuma yake. Akaniomba aushike huo ubao, akaushika kama kapewa mtoto wa watu.

Lakini kichwa kizito, mjomba. Akinibana karibu na meza, mkono unachelewa kugeuka. Nikate mpini upungue? Halafu raba inainuka pembeni, nimeongeza gundi. Na paka wa kambi wananifuata mpaka bafuni.

Mechi ni Jumamosi. Anaingia mmoja tu, mimi au yeye.

Mpwa wako,
Raya

Mabatini
12 Juni 2024

Raya, marahaba.

Usikate mpini! Ukipunguza nyuma, mbele panazidi kulemea. Chukua msasa, usugue ncha ya mbele, unene wa kucha tu, basi. Nimejaribu kwenye ubao wa pili, mkono ukageuka kama nimeazima wa mtu mwingine. Nimechonga tangu ujana, sikujua mti unasikia kitu kidogo namna hiyo.

Yule mvuvi Ngosha alikuja kunitukana kwa makasia yake ambayo sijayagusa. Nikampa ubao agongegonge. Akasahau alichofuata.

Bibi yako anakuombea kila swala. Raba ni mambo ya gundi, hayo usinisumbue.

Mjomba wako,
Abeid

Dodoma
16 Juni 2024

Mjomba, shikamoo. Natumaini bibi hajambo.

Nilisugua ncha unene wa kucha, kama ulivyosema. Wallahi ubao ulikuwa unafika kabla sijafikiri. Mpaka mwamuzi alikuwa anautazama ubao badala ya mpira. Tukafika seti ya mwisho, Evelina amebakiza pointi moja anifunge. Akakosea, akaniletea mpira wa juu, mlaini, ule wa kuombewa na bibi. Ukumbi mzima ukasimama. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote.

Raba ilivuka wavu. Mpira haukuvuka.

Mpwa wako,
Raya