Kiti cha Kukunjia Mashuka

Kwako mdogo wangu mchungaji,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto wote. Natumaini hamna anayeumwa. Mimi mzima, ukiacha magoti, na hayo magoti unayajua, ni habari ya kila siku. Usishangae mwandiko umelala hivi. Anayeniandikia ni yuleyule jirani yangu, Mama Pacha, tuliyekuwa tunafanya naye kazi kule kwenye kufulia mashuka, ila safari hii anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia tutafute mtu mwingine, akakataa, anasema kukaa bure kunamchosha kuliko kuandika. Ameniomba tu nisizunguke sana. Mimi na kuzunguka wapi na wapi.

Barua yako nilisomewa. Umesema Mungu anasikia kilio cha wanaoonewa, kwa hiyo nivumilie. Haya. Sijasema ni kiziwi. Lakini wewe nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno, basi ngoja nikuambie waziwazi: nimechoka kusikiwa. Mtu akikusikia unalia si anakuja? Mimi nikimwita jirani, akanijibu nakusikia, halafu akaendelea kukaa kwake, nitasema ananipenda?

Kule kazini tunasimama toka asubuhi mpaka jioni, mvuke usoni, maji miguuni. Zamani tulikuwa na benchi, msimamizi akalitoa, eti linatufundisha uvivu. Mlango wa nyuma wanatia kufuli tusitoke kupunga upepo. Na tajiri mwenyewe Jumapili yuko kiti cha mbele kanisani, anaimba macho kayafumba. Ana sauti nzuri yule baba, hata kumchukia vizuri unashindwa. Siku moja alikuja na suti ya rangi ya maziwa, nikajisemea hiyo nani anaifua. Mama Pacha anasema suti haina kazi hapa, nirudi kwenye habari.

Habari ni hii. Kuna mashine ya kunyooshea mashuka, ina magogo mawili ya moto yanayozunguka, na mbele yake chuma cha kuzuia mikono. Kile chuma kilivunjika. Mama Pacha alikwenda kusema mara tatu, mimi nimesimama hapohapo nasikia. Kila mara msimamizi anajibu fundi yuko njiani. Fundi huyo labda alikuwa anakuja kwa kutambaa. Siku moja shuka likajikunja, mwenzangu huyu anayeandika akataka kulinyoosha, mashine ikamvuta mkono. Sitaki kukuelezea ile sauti.

Basi wakasema alifungua chuma mwenyewe ili awahi kumaliza. Wakamfukuza, na matibabu wakamwambia ajitibu. Alipokwenda kulalamika wakamtolea karatasi ya shahidi aliyemwona akifungua. Chini ya karatasi kuna dole gumba. Langu.

Kazini wote wakanihurumia. Wakasema maskini bibi, hajui kusoma, wamemdanganya, wamemwekea karatasi akadhani ni ya kupokea buti mpya. Mama Pacha mwenyewe alikuja na uji, akaniambia hana kinyongo na mimi. Ameniomba Alhamisi twende wote kwa ofisa wa kazi nikaseme nilidanganywa. Mimi nikawa namjibu magoti, magoti. Na kila usiku nasali, namuuliza Mungu kwa nini ametusahau sisi tunaoonewa.

Sasa Mama Pacha, hili liandike neno kwa neno, usiruke.

Mdogo wangu, sikudanganywa. Msimamizi alinisomea karatasi yote ofisini kwake, polepole, mara mbili. Nikajua ni uongo. Hakunitisha. Aliniambia tu kwamba kwenye kukunja mashuka kuna nafasi, na anayekunja anakaa. Nikakiona kile kiti kupitia kioo, kina mto mwekundu. Nikatoa dole gumba. Tangu siku hiyo nakaa, na wenzangu wanadhani nimepewa kwa sababu ya uzee. Kutojua kusoma nimejifunika nako kama shuka.

Hapa kalamu iliwekwa mezani. Mama Pacha alikwenda dirishani akanipa mgongo. Nilijua anaondoka. Amerudi, amekaa, ameniuliza kama kuna kingine cha kuandika. Siku zote huniita bibi. Safari hii hajaniita kitu.

Kipo kingine. Unakumbuka mahubiri yako ya Waisraeli kule Misri, wanafyatua matofali na majani hawapewi? Ulisema wanyapara wengine walikuwa Waisraeli haohao, waliwekwa kuwasimamia ndugu zao. Ukasema Mungu akasikia kilio akashuka, nami nikaitikia amina, nimejihesabu upande wa matofali. Sasa nakuuliza, wale wanyapara aliwafanyaje? Na wao wakilia anawasikia? Hukutuambia, ulikimbilia kwenye bahari. Nijibu hilo, na usiniandikie tena nivumilie.

Alhamisi nitakwenda kwa ofisa, magoti yakitaka yasitake. Nitasema nilisomewa, nikasikia, nikakubali. Kiti watanitoa, na kazi pia. Mama Pacha hajasema kama tutaongozana. Sikumuuliza.

Msalimie wifi, na wanangu waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama Pacha kila barua huwa anaongeza salamu zake. Leo nimemuuliza kama ana salamu, ametikisa kichwa.

Amenisomea barua yote tangu mwanzo, hakuruka neno. Nimesikia. Naweka dole gumba hapa chini, ni lilelile.

Mimi dada yako mkubwa.